Vifaru vya Vita vya Kagera: kwa nini chuma peke yake hakikutosha Lukaya

Kila Oktoba, wageni wanapoanza kumiminika Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, maswali kuhusu Vita vya Kagera huongezeka. Wanaouliza wengi ni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1978. Wameona picha za vifaru kwenye simu, wamesikia kwamba Libya ilimsaidia Idi Amin, na wanataka kujua jambo moja: Tanzania ilishinda kwa sababu ilikuwa na vifaru vingi zaidi?

Jibu letu fupi ni hapana. Jibu refu linahitaji kwanza kueleza kifaru ni kitu gani, kinaweza nini na kinashindwa nini, kisha kufuata barabara moja tu, ile inayotoka Mutukula kwenda Kampala. Swali hili linatuhusu sisi wa Mara kwa namna ya pekee. Amiri Jeshi Mkuu alitoka Butiama, na jenerali aliyeongoza divisheni iliyopigana kwenye barabara hiyo, David Musuguri, alizaliwa Butiama pia, mwaka 1920.

Tangi la maji na mnyama wa porini

Kwa Kiswahili tumekiita kifaru, na jina limekaa vizuri. Mnyama huyo ana ngozi ngumu, ana nguvu, akikujia mbio hutamani kumsubiri, lakini macho yake ni hafifu. Tukumbuke hilo la macho, maana tutalirudia.

Waingereza waliokiunda walikipa jina lisilo na uhusiano wowote na vita. Walipokuwa wakikitengeneza kwa siri mwaka 1915 na 1916, walieneza habari kwamba yale madude ya chuma ni matangi ya maji. Jina la tangi likaganda hadi leo katika lugha nyingi za dunia. Kilipigana mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa. Vilipangwa vifaru 49, na karibu theluthi yake havikufika hata mahali pa kuanzia mashambulizi. Vilikwama kwenye tope au viliharibika njiani. Mwaka huohuo huku kwetu, Waingereza walikuwa na magari ya deraya, yaani magari ya kawaida yaliyovikwa mabamba ya chuma, katika mapigano dhidi ya Wajerumani upande wa Kilimanjaro. Nayo yalisumbuliwa na matope na vichaka kuliko risasi.

Kifaru kimejengwa kwa mambo matatu: chuma kinene cha kuzuia risasi, mzinga juu ya kichwa kinachozunguka, na minyororo mahali pa magurudumu. Kile kilichokuwa kingi katika Vita vya Kagera, pande zote mbili, kilitokana na kifaru cha Kirusi kiitwacho T-54 na ndugu yake T-55. Kina uzito wa tani 36 hivi. Mzinga wake una tundu la milimita 100. Ndani wanakaa watu wanne: dereva, mpiga mzinga, anayepakia makombora, na kamanda. Wanabanana. Ndani kuna joto, moshi wa baruti na kelele, na kamanda huongea na wenzake kwa kifaa cha masikioni.

Tanzania ilikuwa na vifaru vilivyotoka China. Kimoja, Aina ya 59, kilikuwa ni T-54 hiyohiyo iliyotengenezwa na Wachina. Kingine kilikuwa chepesi zaidi, Aina ya 62, cha tani 21 hivi na mzinga wa milimita 85. Upande wa Amin kulikuwa na T-55, na pia vifaru vya zamani aina ya Sherman, vya Marekani vya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambavyo Uganda ilivipata kutoka Israeli kabla Amin hajavunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1972. Walibya walipokuja walikuja na T-55 zao.

Kwa hiyo ukiona mtu anabishana kwamba chuma cha upande huu kilikuwa bora kuliko cha upande ule, mwambie kwamba vilikuwa karibu mtu na binamu yake. Tofauti iliyoamua vita tuitafute kwingine.

Kwa nini kifaru hupenda barabara

Wakulima wa pamba wa Bunda wanaujua udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa, trekta linapita bila shida. Mvua ikinyesha siku mbili, trekta lilelile linazama hadi ekseli. Minyororo ya kifaru imewekwa ili kuusambaza uzito mahali papana, na kweli kifaru hupita shambani pengine kuliko lori. Lakini tani 36 ni tani 36. Kwenye kinamasi cha kweli, mathalani kile cha Masurura kwenye Mto Mara, chenye mafunjo juu na maji chini, kifaru hakina safari.

Kuna shida ya madaraja pia. Daraja linalobeba basi la abiria linaweza kuvunjika chini ya kifaru. Ndiyo maana jeshi lenye vifaru huhitaji wahandisi wanaotembea nalo, wenye vyuma vya kuunga daraja la muda. Kisha kuna mafuta, vipuri na mafundi. Kifaru kikitembea chenyewe umbali mrefu, minyororo huisha na injini huchoka, kwa hiyo hupakiwa kwenye treni au kwenye trela la chini, lile ambalo madereva wetu huliita lobedi, hadi karibu na mapigano.

Shida kubwa kuliko zote ni macho. Wanajeshi walio ndani hutazama nje kupitia vioo vidogo. Hawaoni kilicho karibu na ubavu wao. Hawasikii mtu anayenyata kwenye majani. Askari mmoja aliyelala kwenye mtaro na roketi ya begani anaweza kukiharibu chombo ambacho nchi imekinunua kwa fedha nyingi. Kwa sababu hiyo, tangu vita vya kwanza vya vifaru, majeshi yamejifunza kwa damu kwamba kifaru lazima kitembee na askari wa miguu. Kifaru huwavunjia wao ngome na bunduki za rashasha, wao humlindia ubavu. Wakitenganishwa, wote wawili wako hatarini.

Mahali palipo wazi ni habari nyingine. Mwaka 1977, mwaka mmoja tu kabla ya vita vyetu, Somalia iliivamia Ethiopia katika Ogaden. Kule ni nyika, miti michache, na vifaru vya Somalia vilikwenda mbali kwa haraka hadi kuuteka mji wa Jijiga. Mwezi Machi 1978 Waethiopia wakisaidiwa na Wakuba waliurudisha mji huo, na hata kule, kwenye uwanja ule wa vifaru, kilichowasaidia ni kuizunguka milima na kutokea nyuma ya adui badala ya kugongana naye kwenye njia ya mlimani.

Daraja la Kyaka

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini ya mto, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Hakukuwa na jeshi kubwa la Tanzania karibu. Vifaru na magari ya deraya ya Amin yaliingia bila upinzani wa maana. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa na ng'ombe walifukuzwa kwa maelfu kuvushwa mpaka. Watu wa Mara hatuhitaji kuelezwa maana ya kuamka ukakuta zizi tupu, lakini hayo yalikuwa makubwa kuliko wizi wa mifugo.

Halafu Waganda wakafanya jambo linaloonyesha jinsi walivyofikiri. Tarehe 3 Novemba walililipua daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera. Amin alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni lake na mto ndio mpaka. Kwa kulivunja daraja aliifunga njia ya vifaru vya Tanzania, na hapohapo akaifunga ya kwake. Vifaru vyake vilibaki upande wa kaskazini vikiulinda mto.

Siku moja kabla ya hapo, tarehe 2 Novemba, Mwalimu alizungumza na taifa, hotuba ikarushwa na Redio Tanzania. Wazee wetu wengi bado wanakumbuka walikuwa wamekaa wapi walipomsikia akisema kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. La uwezo ndilo lililokuwa na kazi. Jeshi lilikuwa Tabora, Dar es Salaam, Songea, Nachingwea na kwingineko. Ilibidi lipelekwe pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi, kwa treni hadi Mwanza na meli kuvuka ziwa hadi Bukoba, au kwa barabara mbaya kupitia Biharamulo. Serikali ilichukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha. Tunaamini kwamba ushindi wa vita hivi ulianzia kwenye mabehewa na kwenye matope ya njia hiyo, ingawa hakuna anayepiga picha za lori lililokwama.

Wahandisi waliweka daraja la muda Kyaka, na mwisho wa Novemba Jeshi la Wananchi lilikuwa limevuka. Waganda walirudi nyuma. Bado walikuwa wakipiga mizinga kutoka upande wao, kutoka vilima vya Mutukula. Mwezi Januari 1979 uamuzi ukafanyika wa kuvuka mpaka.

Mutukula hadi Masaka

Mutukula ilitekwa tarehe 21 na 22 Januari. Mizinga ilipiga, vifaru vilitokea mbele, na askari wa miguu walizunguka usiku kupitia porini. Waganda walikuwa wameelekeza silaha zao barabarani, mahali walipotegemea vifaru vije. Mtindo huo ulirudiwa tena na tena hadi Kampala: kelele barabarani, watu porini. Musuguri, akiwa Meja Jenerali na kamanda wa Divisheni ya 20, ndiye aliyeongoza safari hiyo, na askari wakampa jina la Jenerali Mutukula.

Kuna kejeli katika habari hii ambayo wazee wa Butiama huipenda. Musuguri aliingia jeshi la wakoloni, yaani KAR, mwaka 1942. Baada ya vita alikuwa mkufunzi Kahawa, Kenya, na miongoni mwa askari waliopita mikononi mwake alikuwapo kijana mmoja wa Uganda aliyeitwa Idi Amin.

Hatutaki kuficha kilichofuata Mutukula. Mji ule ulisawazishwa kwa matingatinga na raia waliuawa, kwa kulipiza kisasi cha Kagera. Mwalimu alipopata habari alikasirika na kuamuru kwamba raia wa Uganda wasiguswe. Hata hivyo, Masaka ilipotekwa tarehe 24 Februari, baada ya kupigwa mizinga usiku, sehemu kubwa ya majengo yake iliharibiwa. Watu wa Masaka wanakumbuka hilo mpaka leo, na msikilizaji wetu akienda huko kibiashara asishangae akiulizwa.

Silaha iliyowatisha Waganda zaidi haikuwa kifaru. Ilikuwa ile mitambo ya kurusha makombora ya mbali ya Tanzania, ambayo wao wenyewe waliipa jina la Kiswahili, Saba Saba. Kombora la Saba Saba lilitoka mahali pasipoonekana. Askari wa Amin aliyekaa ndani ya kifaru akisubiri kuona adui mbele yake hakuwa na la kufanya.

Lukaya, usiku wa Machi 10

Sasa tumefika mahali penyewe. Ukitoka Masaka kwenda Kampala, kabla ya kukamilisha kilomita 40 unafika mji mdogo wa Lukaya. Mbele yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi kikubwa. Kulia mafunjo, kushoto mafunjo. Hakuna njia nyingine ya karibu ya gari zito. Yeyote aliyelishika tuta hilo alikuwa ameishika njia ya Kampala.

Wakati huo Muammar Gaddafi alikuwa ameanza kumtumia Amin askari na silaha. Jeshi lililoletwa Lukaya linakadiriwa kuwa na Walibya wapatao 1,000, vifaru 15 aina ya T-55, magari ya deraya zaidi ya kumi, na mitambo ya kurushia roketi. Pamoja nao walikuwapo Waganda na vifaru vya Sherman, na Wapalestina. Kazi waliyopewa ilikuwa kuirudisha Masaka. Kwa karatasi, hilo lilikuwa jeshi zito kuliko lolote ambalo Watanzania walikuwa wamekutana nalo tangu mwanzo wa vita.

Ndani ya Lukaya, mchana wa tarehe 10 Machi, ilikuwapo Brigedi ya 201 ya Tanzania. Wengi katika brigedi hiyo walikuwa mgambo. Hawa ni watu waliotoka vijijini miezi michache nyuma, wakafunzwa kwa haraka, wakapewa bunduki. Walibya walirusha roketi kwa wingi. Roketi zilipita juu ya mji, hazikumwua mtu. Lakini mtu ambaye hajawahi kusikia mlio huo hangoji kupima zimeangukia wapi. Wengi walikimbia. Waliobaki waliviona vifaru vikija barabarani, nao wakarudi nyuma kwenye kinamasi upande wa Masaka. Lukaya ikatwaliwa bila mapigano ya kweli.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vita ingeweza kugeuka. Mbele ya vifaru vile 15 hapakuwa na kizuizi cha maana. Wenzao walikuwa wamekimbia. Masaka ilikuwa mwendo wa saa chache. Vifaru vimeundwa kwa ajili ya saa ya namna hiyo: adui amevunjika moyo, barabara ni nyeupe, unamfuata kabla hajajipanga.

Wakasimama. Walikaa Lukaya na hawakuendelea.

Kwa nini? Sababu moja iko wazi: wengi wa Walibya wale hawakuwa wanajeshi wa kazi. Walikuwa wanamgambo wa Gaddafi, na baadhi yao waliambiwa kwamba wanaletwa Uganda kwa mafunzo tu. Hawakuijua nchi, hawakujua lugha, na giza lilikuwa linaingia kwenye mafunjo pande zote mbili. Na ukiwa ndani ya kifaru usiku, katika nchi ya wenyewe, bila askari wa miguu unaowaamini pembeni, huoni chochote. Kifaru kina macho hafifu. Tuna maoni kwamba waliogopa jambo lilelile ambalo Watanzania walikuwa wanaliandaa.

Musuguri na makamanda wake walibadilisha mpango usiku huo. Brigedi ya 208, ikiongozwa na Brigedia Mwita Marwa (jina ambalo wasikilizaji wetu wa Tarime hawahitaji kutafsiriwa), ilikuwa mbali, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lukaya. Iliamriwa igeuke na kutembea usiku kucha hadi itokee kwenye barabara ya Kampala, nyuma ya Walibya. Wakati huohuo Brigedi ya 201 ilikusanywa upya, mtu mmoja mmoja, na kupangwa tena mbele ya mji. Hao ni walewale waliokimbia mchana.

Usiku ule kwenye kinamasi ulikuwa wa kuchanganyikiwa. Makundi ya pande zote mbili yalikuwa yanapishana gizani bila kujua nani ni nani.

Alfajiri ya tarehe 11 Machi, Brigedi ya 208 ilikuwa barabarani. Walibya walipigwa kutoka mbele na kutoka nyuma kwa pamoja. Mizinga ya Tanzania ilikuwa inaanguka juu yao kwa mpangilio. Vifaru vilikuwa juu ya tuta, haviwezi kushuka kulia wala kushoto, na njia ya kurudi imefungwa. Kifaru cha mbele kikipigwa mahali kama hapo, kile cha pili kinakuwa gari lililokwama kwenye foleni. Askari wengi waliviacha na kukimbilia mafunjoni.

Watanzania walikadiria kwamba Walibya 200 hivi na Waganda 200 hivi walikufa Lukaya. Mmoja wao alikuwa Luteni Kanali Godwin Sule, kamanda wa Waganda mahali hapo. Habari moja inayosimuliwa ni kwamba aligongwa na kifaru cha upande wake mwenyewe katika ghasia za asubuhi ile. Alipokufa, maofisa waliobaki walianza kuondoka, na askari wakawafuata.

Tunawafikiria pia vijana wale wa Libya. Waliondoka kwao wakiambiwa ni mafunzo, wakaishia kwenye mafunjo ya nchi ambayo wengi wao pengine hawakuweza kuionyesha kwenye ramani.

Baada ya hapo

Baada ya Lukaya hapakuwa na nguvu kubwa tena kati ya Jeshi la Wananchi na Kampala. Brigedi ya 206 ya Brigedia Silas Mayunga, aliyeitwa Mti Mkavu, ilikuwa imekwenda njia ya Mbarara. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili. Kampala iliingiwa tarehe 10 na 11 Aprili, na wengi wa walioingia walikuwa wanatembea kwa miguu, wamebeba silaha na chakula mgongoni. Mwalimu aliagiza barabara ya mashariki, ya Jinja, iachwe wazi kwa muda ili Walibya waliobaki waondoke, asije akajikuta na vita na Libya yenyewe. Gaddafi alikuwa amekwisha kujaribu njia ya anga pia: tarehe 29 Machi ndege yake kubwa ya kudondosha mabomu ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Wasikilizaji wetu wa ukanda wa ziwa wenye umri wa kutosha wanaikumbuka siku hiyo.

Vita vilikwisha tarehe 3 Juni 1979, Jeshi lilipofika mpaka wa Sudan.

Tukirudi kwenye swali la vijana: vifaru vya Tanzania vilifanya kazi. Vilitangulia kwenye barabara, vilivunja ngome, viliwapa moyo askari wa miguu waliokuwa nyuma yake, na vingi vya adui vilitekwa vikiwa vizima na kugeuzwa. Lakini Amin naye alikuwa na vifaru, vya aina ileile, na msaada wa Libya juu. Tangu mapinduzi yake ya tarehe 25 Januari 1971, vifaru vilikuwa chombo chake cha kushika mji. Kifaru kikisimama kwenye makutano ya barabara Kampala, raia hutulia. Jeshi lililozoea kazi hiyo lilipokutana na watu wanaotembea kilomita 60 usiku kuzunguka kinamasi, halikuwa na jibu.

Watu hao walikuwa nani? Kabla ya vita, jeshi la Tanzania lilikuwa na askari wapatao 40,000. Vita vilipokwisha idadi ilikuwa imepita 100,000, na ndani yake makumi ya maelfu ya mgambo, wakulima, wafugaji, wavuvi, makarani na walimu. Katika kata nyingi za Musoma, Bunda na Butiama utapata familia yenye babu aliyekwenda. Wengine walirudi na nishani. Wengine walirudi na kikohozi, mguu mbovu, na ndoto ambazo wake zao walizijua kuliko daktari. Wengine wamezikwa Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Nchi ilirudi na deni: vita viliigharimu mamia ya mamilioni ya dola, mwaka uleule ambao bei ya mafuta duniani ilipanda. Foleni za sukari, sabuni na khanga za mwanzo wa miaka ya 1980 zina sababu nyingi, na hii ni mojawapo.

Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, kisha akarudi nyumbani Butiama kuishi kama mzee mwingine wa kijiji. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Pale Mwitongo Jeshi lilimjengea Mwalimu nyumba. Yeye alikawia kuhamia, na hakuishi humo kwa muda mrefu kabla ya kufariki Oktoba 1999. Ukienda kuzuru kaburi, nyumba hiyo utaiona. Na ukimkuta hapo mzee aliyekuwa Lukaya, muulize kuhusu usiku ule wa mafunjo kabla ya kumuuliza kuhusu vifaru.